Miaka zaidi ya kumi nje ya shule, nataka kurudia Kemia na Fizikia fom foo, naanzia wapi? (niko Moshi)

mamaG_pasua

Habari zenu wadau. Niko Moshi, nilimaliza fom foo 2014, wale wa mwaka wa GPA, matokeo yalitolewa kwa wastani wa alama badala ya divisheni, cheti changu hakina divisheni kimeandikwa Pass tu, hata nikienda kuomba kazi mtu anakigeuza huku na huku anauliza hii ndo nini sasa. Biolojia nina D, Kiswahili C, Kingereza D, Jiografia D, Kemia F, Fizikia F, Hesabu ndo usiseme. Kwa sasa nakaa kaunta ya malipo kwenye famasi moja hapa mjini na kila nikiwaona manesi wanaokuja kuchukua dawa moyo unaniambia na mimi naweza. Nikaulizia vyuo, nikaambiwa uuguzi wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini na humo ndani lazima iwepo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo kilichonikwamisha ni hayo mawili.

Basi nikaenda Kibosho kwa mama kuchukua madaftari ya zamani, alikuwa ameyatunza kwenye begi juu ya dari, panya wameshatafuna pembe zote. Nikaanza Kemia fom wani ukurasa wa kwanza, sheria za maabara, vifaa vya maabara, nachora bika na chupa kama mtoto. Nasoma usiku tukishafunga na mtoto akishalala, nasoma ukurasa mzima wa kingereza halafu nikifunga kitabu sikumbuki hata mstari. Kingereza chenyewe kimeniponyoka, kazini ni kiswahili, nyumbani kichaga, nani ataniongelesha kingereza Pasua?

Sasa naombeni mnisaidie, nianze hivi hivi fom wani mpaka fom foo au kuna njia nyingine ya mtu mzima mwenye kazi na mtoto? Nirudie masomo saba nisafishe cheti kabisa au hayo mawili tu? Nijiunge na kituo cha jioni au nisome mwenyewe, maana huko naambiwa wamejaa watoto wa miaka 18 na mimi ni mama wa mtu, nitakaa benchi moja nao? Na huu mtaala mpya unaosemwa unanihusu au haunihusu? Mnaojua njooni, msinicheke.

chalii_wa_sanawari

Hakuna wa kukucheka hapa sista, nusu ya tuliomo humu tulirudia, wengine hatusemi tu.

Mimi nilirudia Hesabu nikiwa tayari ni dereva boda, hapa Arusha, baba wa mtoto mmoja. Ushauri wangu mmoja tu, hayo madaftari weka chini kwanza. Tafuta pasti pepa moja ya Kemia, yoyote ya miaka ya karibuni, kaa nayo masaa matatu kamili kama uko chumba cha mtihani, simu umempa mtu, jibu unachojua na usichojua ruka. Ukimaliza ndo utajua kichwani kumebaki nini na kumeondoka nini, maana ukianza fom wani unatumia nguvu kusoma hata vitu ambavyo bado unavijua, na vile ambavyo hujui unavifikia umeshachoka na mtihani uko mlangoni.

Mimi nilivyofanya hivyo nikakuta ile topiki ya akaunti naijua kuliko nilivyokuwa shule, kwa sababu kijiweni mimi ndo mweka hazina, kuingiza na kutoa ni kazi yangu ya kila jioni, chalii akichelewesha mchango namuandika. Takwimu nayo hivyo hivyo. Halafu nikapiga hesabu za kijiweni, pepa ya Hesabu ina maswali 14, kumi ya kwanza maksi 6 kila moja, manne ya mwisho maksi 10 kila moja, na D inaanzia 30. Maana yake mtu akikamata matatu ya mwisho bila kudondosha kitu tayari ana D yake mkononi hata hajagusa mengine. Nikachagua topiki zangu nikazikomalia hizo hizo, logarithimu nikaiambia tutaonana siku nyingine. Nikapata C.

Na hao watoto wa 18 usiwaogope, wanakujaga kuomba hela ya soda tu.

mzee_wa_kiboriloni

Binti yangu samahani nitasema tofauti na wenzangu. Hao manesi unaowaona kaunta umewauliza wangapi wenzao wako nyumbani na vyeti? Urudie mtihani mwaka mzima, halafu diploma miaka mitatu, ada, hosteli, sare, mtoto unamwachia nani, ukitoka unaanza kusubiri ajira za serikali na wenzako maelfu. Hiyo hela ungeshika belo moja la mitumba la watoto ukaanza nalo pale sokoni, baada ya miaka hiyo minne ungekuwa na fremu yako. Sisemi usisome, nasema piga hesabu kwanza.

nesi_wadi_ya_watoto

Shikamoo mzee. Ni kweli ajira zimebana, sitabisha hapo, nilikaa nyumbani baada ya chuo kabla ya kupata hospitali binafsi na mshahara wa kuanzia haukuwa wa kujisifia. Lakini dada hajauliza kama auze mitumba, kauliza aanzie wapi Kemia, na belo nalo mzee wangu ukifungua ukakuta limejaa makoti mazito na ni mwezi wa kwanza unalia mwenyewe. Tumuache asome.

Dada mamaG, nikujibu hili la masomo saba au mawili kwa sababu nimelipitia. Fanya mawili. Ukifanya mawili hutapewa divisheni kwenye hicho cheti kipya maana divisheni inatokana na masomo saba, na wala haina shida, chuo cha afya hawatafuti divisheni, wanatafuta yale masomo. Wakati wa kuomba unaweka namba zako za mtihani zote mbili, ile ya 2014 na hii mpya ya kujitegemea inayoanza na P, wanaziangalia kwa pamoja. Biolojia yako D haijaoza, iko pale pale. Kusafisha cheti ni kujipendezesha tu, utabeba Historia na Uraia ambazo hakuna atakayekuuliza, halafu Fizikia ikufie mkononi kwa kukosa muda. Kama utabaki na nguvu, ongeza Hesabu, maana kwenye vigezo Hesabu na Kingereza wanazitaja kama nyongeza nzuri ingawa si lazima.

Kitu kingine ambacho kina mama wengi kinawakwamisha na hakina uhusiano na Kemia: JINA. Jisajili kwa majina yale yale na mpangilio ule ule ulioko kwenye cheti cha 2014. Usije ukaweka jina la mume kwa sababu ndo liko kwenye kitambulisho. Vyeti viwili majina mawili, utazunguka kwa mawakili na viapo mpaka uchoke, na wenzako wameshaanza masomo.

ticha_wa_maabara

Nimefundisha Kemia sekondari miaka mingi huku Kilimanjaro na jioni nasaidia watahiniwa wa kujitegemea, hadithi ya mama G naisikia kila mwaka, linabadilika jina tu. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Madaftari yarudishe Kibosho. Notsi za shule uliziandika mwalimu akiwa mbele yako, nusu ya maelezo ilibaki ubaoni na mdomoni kwake, ndiyo maana leo ukizisoma hazikuambii kitu. Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao, vitabu vya sekondari viko pale bure unasoma hata kwa simu. Au jumamosi moja moja nenda maktaba ya mkoa hapo mjini, pametulia, ukikaa pale masaa mawili ni sawa na usiku mzima wa nyumbani na mtoto anataka maji.

Chalii amesema vizuri kuhusu kuanza na pasti pepa, namuunga mkono, ila hilo la kuchagua topiki linakubali kwenye Hesabu, kwenye Kemia lina mpaka wake. Hesabu unaweza kuacha logarithimu ukaenda zako kwenye takwimu. Kemia zimefungana. Asiyejua valensi, yaani atomu moja inaweza kuungana na nyingine ngapi, hawezi kuandika fomula, asiyeandika fomula hawezi kusawazisha mlinganyo, asiyesawazisha mlinganyo hana mole, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, na asiye na mole ameaga titresheni na hesabu zote za elektrolisisi. Kwa hiyo mama, Kemia yako usiianzie fom wani kwenye vifaa vya maabara, ianzie fom tuu: muundo wa atomu, jedwali la elementi, kuungana kwa atomu na kuandika fomula. Hapo kaa mpaka uweze kuandika fomula ya kitu chochote bila kuchungulia, ukiwa jikoni unaiandika kichwani. Ukitoka hapo ruka moja kwa moja fom thrii, milinganyo, asidi na besi, kisha mole. Zile za kusoma tu kama uchafuzi wa mazingira, kemia ya udongo, maji magumu, mafuta na nishati, hizo zihifadhi kwa siku ulizochoka kazini, zinasomeka hata kwenye daladala na zina maksi zake.

Mole inawatisha watu bure. Mama G uko famasi, chukua ile chupa ya amoxicillin ya watoto, ya unga, imeandikwa 125mg/5ml. Mfamasia anaongeza maji mpaka kwenye alama, tuseme inakuwa ml 100. Chupa nzima ina dawa kiasi gani? Ml 5 zina mg 125, basi ml moja ina mg 25, ml 100 zina mg 2500, yaani gramu 2.5. Umeshafanya hesabu ya ukolezi hapo. Na ml moja ikiwa na mg 25, lita moja ina gramu 25, na lita kwenye karatasi ya mtihani inaandikwa dm³. Sasa toa amoxicillin weka sodiamu kaboneti, Na₂CO₃. Wanakuambia gramu 5.3 zimeyeyushwa kwenye maji zikawa cm³ 500, tafuta molariti, yaani mole ngapi zimo kwenye lita moja. Uzito wa mole moja unaujumlisha mwenyewe, sodiamu mbili ni 46, kaboni 12, oksijeni tatu ni 48, jumla 106. Gawanya 5.3 kwa 106 unapata mole 0.05. Hizo zimo kwenye nusu lita, kwenye lita nzima ni 0.1. Jibu 0.1 M, umemaliza. Rudia hiyo kwa kubadilisha namba, kisha badilisha chumvi, mpaka mkono uende wenyewe.

Praktiko. Watu wanaojisomea wanaisahau kabisa halafu wanashangaa matokeo. Kwenye Kemia na Fizikia nadharia ina maksi 100 na praktiko ina 50, huwezi kuacha 50 zikae pale. Na ni maksi za utaratibu zaidi kuliko akili nyingi: kusoma bureti, ule mrija wenye alama wa kupimia kimiminika, kwa desimali mbili, kujaza jedwali vizuri, ile raundi ya kwanza ya majaribio usiichanganye kwenye wastani, kuandika kipimo mbele ya namba. Lakini mkono uliokaa miaka kumi bila kushika bureti utatetemeka tu, hilo halina kitabu. Ndiyo maana swali lako la kituo nalijibu hivi: nadharia unaweza kusoma mwenyewe, praktiko huwezi. Kabla hujalipa popote nenda uone maabara kwa macho, uliza praktiko wanaanza mwezi gani na wanafunzi wangapi kwa bureti moja. Wakikuambia "praktiko tutafanya karibu na mtihani" shika njia yako. Kuna vituo vinafundisha Kemia mwaka mzima kwa chaki.

Kingereza. Mtihani uko kwa kingereza na hautabadilika kwa ajili yetu. Nachowaambia watu wazima wangu: soma aya moja, siyo ukurasa. Funga kitabu. Mwambie mtu kwa kiswahili ulichosoma, hata mtoto wako, kama hakuna mtu iambie sufuria. Ukishindwa kusema, hukuelewa, fungua tena. Ukiweza kusema, andika sentensi mbili za kingereza kwa mkono, fupi, zenye maneno ya kitabu. Kesho yake kabla ya kuendelea jaribu kuziandika tena bila kuangalia. Ni polepole, najua, lakini ukurasa mzima unaosoma saa nne usiku ukausahau ni polepole zaidi.

Na kuna kitu kiko wazi kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, lakini watu hawakigusi, kila mwaka wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na yake. Mle wanachukua swali moja moja, wanaeleza wengi walikosea wapi, na wanaweka kipande cha karatasi ya aliyejibu vizuri na kipande cha aliyeboronga, kwa mwandiko wao wenyewe. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu ile ni dhahabu, kwa sababu tatizo lako siyo kujua tu, umesahau jibu la maksi nne linafananaje. Kwenye zile taarifa utakuta mtu anajua jambo kabisa lakini kaulizwa aeleze yeye kataja, au kaambiwa atofautishe vitu viwili akaeleza kimoja chote kisha kingine chote. Chora jedwali, huku hiki huku kile, mstari kwa mstari.

Mtaala mpya: 2024 walianza nao fom wani wa mkondo wa amali tu, wa elimu ya jumla kama yako walioanza nao ni fom wani wa Januari 2025, hao wanafika fom foo 2028. Ukifanya kabla ya hapo uko na silabasi uliyoizoea. Kwa hiyo usilegeze ukasema nitafanya mwaka wowote.

Usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukipitisha muda wa kawaida kuna faini, mtihani wenyewe ni Novemba. Nenda kituoni mapema wakuelekeze namba ya rejea na malipo.

mamaG_pasua

Ticha shikamoo, na wote mliojibu asanteni, dada nesi hilo la jina nimeshtuka maana nilikuwa nimeshajaza fomu ya kituo kimoja kwa jina la ndoa, kesho naenda kuiomba niirekebishe kabla hawajaituma popote.

Nimefanya ya chalii, jumapili mtoto akiwa kwa bibi yake nikajifungia na pasti pepa ya Kemia. Lisaa la kwanza nilikuwa naandika, la pili nikawa naangalia dari. Ila kilichonishangaza, swali la maji magumu nililijibu lote mpaka mwisho, sabuni kutotoa povu, kuchemsha, birika kushika ukoko, na lile la uchafuzi wa hewa pia. Vilivyonitupa ni vile vile alivyosema ticha, kila palipokuwa na mlinganyo nikawa naona herufi tu. Kwa hiyo nimeanza fom tuu, atomu na valensi, nimeandika valensi kwenye karatasi nimebandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mama mkwe kauliza hii ndo dawa ya mende?

Ile ya chupa nimemfanyia mfamasia wangu, kacheka, akanipa nyingine ya 250mg/5ml ya ml 60 akaniambia haya tafuta. Nikapata gramu 3. Kaniambia sawa, na kuanzia siku hiyo kila chupa inayopita ananiuliza mbele ya wateja.

Mzee wa Kiboriloni nimekusikia baba yangu, wala sijakasirika, hesabu nimepiga na mama kakubali kukaa na mtoto.

Sasa ticha nisaidie Fizikia. Hiyo naiogopa kuliko Kemia, fomula ni nyingi, na mimi Hesabu yenyewe mnajua.

ticha_wa_maabara

Marahaba mama G. Gramu 3 ni sahihi, mg 50 kwa ml moja, mara 60.

Fizikia nenda kinyumenyume. Anza fom foo mwisho, siyo fom wani. Kule mwisho kuna jiofizikia na astronomia ya mwanzo, tabaka za dunia, volkano, matetemeko, anga, jua na sayari, hizo ni za kusoma na kuelewa, hesabu karibu hakuna, na wewe mlima unao dirishani. Halafu radioaktiviti, humo hesabu yake kubwa ni ya nusu uhai na ni kugawa kwa mbili tu: una gramu 80, nusu uhai siku 5, baada ya siku 15 zimepita nusu tatu, 40, 20, 10, basi zimebaki gramu 10. Ukishapata vitu viwili vitatu unavyoviweza woga unapungua, ndipo urudi fom tuu kwenye mwendo, mashine rahisi na umeme. Umeme usiukwepe, sheria ya Ohm na kupanga rizista utaikuta kwenye nadharia na kwenye praktiko.

Fomula usikariri orodha. Andika fomula moja, pembeni andika kila herufi ni nini na inapimwa kwa nini, kisha fanya maswali ya hiyo tu mpaka uichoke. Hesabu inayohitajika kwa D ya Fizikia ni kuhamisha herufi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kugawanya na kuzidisha, na kuchora grafu. Grafu jifunze kweli kweli maana ndiyo praktiko yenyewe. Lile jaribio la pendulamu, unabadilisha urefu wa uzi, unahesabu mizunguko, unachora T² (T ni muda wa mzunguko mmoja) dhidi ya urefu, mteremko wa huo mstari ni 4π² gawa kwa g, ukigeuza unapata g, mchapuko wa mvutano wa dunia. Uzi na jiwe unavyo nyumbani, saa iko kwenye simu, fanya jikoni. Ukipata g iko jirani na 9.8 uje utuambie hapa.

chalii_wa_sanawari

Ticha kama ungekuwa umenifundisha wewe na mimi leo ningekuwa dokta siyo boda.

Mama G na mimi niongeze kimoja, muda. Usijipangie kusoma kila siku masaa matatu kama kitabu cha ratiba, utavunja siku ya pili uone kama umeshindwa yote. Mimi nilikuwa nasoma asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, kidogo tu, kichwa kikiwa kipya, usiku nafanya maswali ambayo nimeshayajua ili nilale na furaha. Na siku ya marejesho ya kikundi nilikuwa sisomi kabisa, nani anasoma siku ya marejesho.

neema_usa_river

Naingilia kidogo samahani. Mimi niliishia darasa la saba, sasa nina miaka 24, niko Usa River kwenye bustani za maua. Nikisoma hapa natamani na mimi. Naweza kujisajili moja kwa moja fom foo ya kujitegemea kama mamaG?

nesi_wadi_ya_watoto

Neema mdogo wangu, wewe hujawahi kukaa fom foo kwa hiyo unaanzia QT, ule mtihani wa maarifa. Ukiufaulu ndo unaruhusiwa kujisajili fom foo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na yote miwili inafanyika Novemba kwa hiyo huwezi kuibana mwaka mmoja, hesabu QT kwanza, fom foo inayofuata baada ya hapo, mtu asikudanganye akakuchukulia hela ya vyote kwa pamoja.

Kabla hujaenda kwenye kituo cha kulipia nenda halmashauri kwa afisa elimu ya watu wazima, muulizie madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, na kama bado upo, ule mpango wa SEQUIP wa wasichana waliokatisha masomo. Muulize vigezo vyao na nafasi kama zipo, maana ukiingia huko mzigo wa ada unapungua sana. Beba cheti cha kuzaliwa na cha darasa la saba kama unacho.

neema_usa_river

Cha kuzaliwa ninacho, cha darasa la saba kiko shuleni sijawahi kukifuata.

nesi_wadi_ya_watoto

Basi kakifuate kwanza.